Kata ya Huku, Parishi ya Kule

Hapana, siyo kitu kimoja. Usinikodolee macho, najua ulikuwa unakuja kuniuliza, maana tangu siku ile ya msiba kila mtu ananiangalia kama bibi kapandwa na wazimu. Kata ni kata, parishi ni parishi. Wakatoliki wanaita parokia, sisi Waanglikana wa huku tunasema parishi, ni yale yale. Kata inakuuliza unalala wapi. Parishi inakuuliza unapiga magoti wapi. Na ukiwa unalala huku na kupiga magoti kule, basi mwanangu, utaulizwa na wote wawili na hakuna atakayesubiri jibu. Nayajua hayo mimi ambaye darasani sijawahi kuingia hata kwa kukimbia mvua.

Mdogo wangu Mele alikuwa kalala ndani, kafunikwa shuka jeupe. Nje, hapa hapa mjini, uani kwangu Nkuhungu, chini ya turubai, wamekaa vijana wawili, kila mmoja na simu yake. Mmoja ni mwinjilisti wa kanisa la hapa jirani, ana sauti kama anamlaza mtoto: "Bibi, pole saaana, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Lakini Bibi, marehemu alikuwa wa parishi gani? Maana hapa kwetu hatumfahamu." Mwingine ni mwenyekiti wa mtaa, huyu hata akiomba chumvi anahutubia: "Bibi Damari! Sisi kama serikali! Marehemu tunamtambua kama mkazi wa kata hii! Ila mambo ya ibada hayo! Hapo hatuingilii!" Mimi nikacheka. Nikacheka mpaka kanga ikanidondoka kichwani, wanawake wakaja mbio kunishika wakidhani naanguka. Sikuwa naanguka. Nilikuwa nimeyasikia maneno yale zamani, yale yale, nikiwa msichana, na waliokuwa wanayasema wameshakufa wote. Nikaona kama wamerudi, wamevaa mashati ya kisasa, wamekuja kumzika mtu waliyekwisha kumzika akiwa mzima.

Habari za baba na mama siwapi, hazina utamu, walikuwa watu kama watu. Naanzia jikoni kwa Mchungaji, maana mwaka ule ndiyo niliokuwa mpishi wake. Msichana wa kuchumbiwa mimi, kifua mbele, mdomo mbele zaidi. Jiko lilikuwa banda nyuma ya nyumba, mafiga matatu na moshi wa kutosha kijiji kizima. Nyumba yenyewe ya bati, sakafu nyekundu ya kupaka rangi, sebuleni viti sita vya mbao na kila kiti kina kitambaa alichofuma Mama Mchungaji kwa mkono wake, kila kitambaa na ndege wake. Hakuna aliyethubutu kuegemea. Wageni walikuwa wanakaa pale wameinama kwa mbele kama watu wanaoumwa tumbo, wakiogopa kumkandamiza ndege. Siku za kawaida Mchungaji alikula kama sisi, ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando yakipatikana. Siku ya mgeni ndiyo wali, ndiyo kuku. Mama Mchungaji alikuwa mtu wa Mpwapwa, mwembamba, sauti inakata kama wembe, utamsikia kutoka sebuleni: "Damari weee! Mlenda wako leo unavutika kama mahubiri ya mume wangu!" Na Mchungaji kakaa pale pale anasikia, anamega tonge lake, anasema taratibu kwa pua, ana kawaida ya kunyoosha kila neno kama anakamua titi la ng'ombe: "Mamaaa... tuliee... kwa amaaani."

Mele nilikuwa naenda naye kila siku. Wakubwa wote shambani, angebaki nyumbani na nani? Macho yake yaliliwa na vikope. Nyie wa siku hizi mnapata dawa, sisi tulikuwa na nzi na vumbi na maji ya kugawana, kope zinageukia ndani, nywele zinakwaruza jicho mchana na usiku mpaka jicho linakuwa jeupe kama yai la njiwa. Akiwa mdogo sana aliona, halafu akaona ukungu, halafu basi. Nilimkalisha kwenye jiwe karibu na mlango wa jiko, nampa karanga za kubangua au mchele wa kuchagua, na niamini, mchele aliouchagua Mele hukung'ata jiwe. Sasa mtu akipita uani, Mele anauliza, "Dada, nani huyo?" Na mimi badala ya kumtajia jina namwigia sauti. Mchungaji namkamulia maneno puani. Mama Mchungaji namkatia wembe. Mele anacheka mpaka karanga zinamwagika. Kuiga watu nilianzia pale. Watu wanadhani nina dharau. Mimi nilikuwa namwonyesha mtu sura.

Basi baada ya mavuno akaja mgeni, mwalimu wa shule ya watoto wasioona. Kanyooka, suruali ina mkunjo, anaongea kwa kunong'ona, kila neno unadhani kalifuta vumbi kwanza ndiyo akalitoa. Nikapeleka maji ya kunawa, Mele kashika upindo wa gauni langu kama kawaida yake. Mwalimu akamwona. Hakusema pole, hakusema masikini, na mimi nilimpenda kwa hilo. Alifungua mkoba, akatoa kitabu kikubwa cheupe, hakina hata herufi moja, akamwita Mele, akamshika kidole akakipitisha juu ya karatasi. "Unasikia nini?" Mele akapapasa. Akasema, "Karatasi ina upele." Watu wote wakaangua kicheko, hata Mchungaji. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Huo upele ni maneno. Wewe unaweza kuyasoma." Mele kidole hakukitoa. Chakula kikapoa, watu wanasubiri kunawa, yeye bado anapapasa ule upele mstari kwa mstari, midomo inacheza. Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Tukirudi nyumbani anapapasa kuta za tembe, anapapasa magome ya miti, ananiuliza, "Dada, hapa pameandikwa nini?"

Nikiwa natoa vyombo nikasikia Mwalimu anamwambia Mchungaji, "Nafasi ipo. Mwakani wakati kama huu nitapita tena kuwachukua wapya. Ila asije mikononi mwa ndugu tu. Watu wanatuletea watoto, likizo ikifika hawarudi kuwachukua, wanatuachia kama paka. Siku hizi tunataka mtu mwenye ofisi amsimamie. Mchungaji au Katibu Kata. Asimame mbele yangu aseme, huyu ni wetu, likizo tutakuja kumchukua." Jambo lenyewe ndilo hilo. Hakutaka karatasi, hakutaka kitu. Alitaka mtu mmoja asimame aseme, huyu ni wetu. Mimi nilirudi jikoni nikala mabaki ya wali kwa furaha, nikamwambia Mele, "Umeshakwenda wewe!" Maana kwetu kila mtu alijua nani wa kusimama. Kulikuwa na Mzee Lungwa, balozi wetu wa nyumba kumi, na Jumapili yeye huyo huyo ni mzee wa kanisa. Kazi ya serikali alivaa kofia ya pama, kazi ya kanisa anaivua. Sisi tuliona kata na parishi ni mzee mmoja, akiwa na kofia na akiwa hana. Kumbe hao ni wakubwa wawili, na mzee wetu alikuwa mlangoni tu kwa wote wawili.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kuna korongo, mto wa mchanga, mwaka mzima mkavu, siku mbili tatu una maji ya kuua ng'ombe. Kanisa na nyumba ya Mchungaji viko upande wa mashariki. Sisi tuko magharibi. Kanisa halikujali korongo, lilivuka likatuchukua, kwa hiyo parishi yetu ni ya mashariki. Serikali ilipokuja kupanga kata zake ikasema korongo ndiyo mpaka, kwa hiyo kata yetu ni ya magharibi, na ofisi yake mbali huko. Tunalala huku, tunapiga magoti kule. Hakuna aliyeona tatizo. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanalala huku na kunywa kule.

Mzee Lungwa akavua kofia akaenda kwa Mchungaji. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasugua sakafu ambayo nilishaisugua. Mchungaji akamkamulia: "Mzee Lungwaaa. Mimi nachunga roooho. Macho ni mwiiili. Mwili una kata yake. Nikianza kusimamia miili ya ng'ambo, Katibu wenu atasema namvukia mpaaaka." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa kusemwa. Mzee Lungwa akavaa kofia yake, akaenda kwa Katibu Kata, akatuchukua mimi na Mele ili Katibu amwone mtoto mwenyewe. Ofisi yenyewe ilikuwa ghala la karanga la zamani, chumba kimoja, meza moja, harufu ya magunia haijatoka. Katibu alikuwa Mrangi wa kutoka Kolo, mfupi, mcheshi, maneno yake yanakimbia kama mbuzi wanaoona shamba, na kila akifika mwisho anakukamata: "umeelewa?" Akatukaribisha, tukamwamkia shikamoo, akampa Mele karanga za kukaanga kiganjani. Halafu akasema, "Mzee wangu, mimi huyu mtoto namwonea huruma, umeelewa? Lakini nyie watu wa korongoni kila siku ya kujenga taifa mnakwenda kuwafyatulia matofali kanisa. Ukuta wa zahanati yangu umekaa magotini mwaka wa pili. Hakuna mtu wenu hata mmoja aliyeleta tope! Leo mtoto kipofu ndiyo mnakumbuka mna kata? Shule yenyewe ya kanisa. Nendeni mnakofyatulia, umeelewa?" Tulielewa. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo baya lake.

Tukarudi. Njiani Mele ananiuliza, "Dada, sisi ni wa nani?" Nikamwambia nyamaza, tembea. Siku hizi nikikaa hapa kibarazani nafikiri, labda ningemjibu kitu. Lakini jibu gani? Mpaka leo naishi mjini, wameniwekea namba ukutani, wanakuja na simu zao wananiuliza bibi wewe ni mtaa gani, kata gani, jumuiya gani, na mimi nawajibu yote kama kasuku, lakini lile swali lenyewe hakuna anayeniuliza.

Basi Mzee Lungwa akakaa, akawaza, akaja na shauri lake. Na shauri hilo, walahi, mtu wa kwingine asingelipata. Lilikuwa la kwetu sisi tuliozoea kuona vyote ni kimoja. Kulikuwa na lundo kubwa la matofali ya kanisa, tuliyafyatua sisi wenyewe wa ng'ambo, yamepangwa pembeni mwa korongo upande wetu, mabichi bado, yanangoja kuni za kuchomea. Mzee akasema, "Tofali ni tofali. Tukampelekee Katibu haya. Atafurahi, atasimama. Ya kanisa tutafyatua mengine, kiangazi bado kirefu." Wanaume wakatikisa vichwa, eeh, Mzee kaona mbali. Wanawake tukajitwika. Siku hiyo hakuna aliyebaki nyumbani, ilikuwa kama harusi, watu wanaimba, vumbi linapanda, mbele Mzee Lungwa na kofia yake. Mele alikataa kubaki. Kabeba tofali lake moja kifuani, mkono mwingine begani kwangu. Katikati ya njia akaniambia, "Dada, hili limeandikwa." Nikamwambia, "Tembea we mtoto." Akasema, "Limeandikwa. Kuna mstari umesimama na mstari umelala." Mama mmoja nyuma yetu akacheka, "Kipofu kashaanza kusoma! Shule ya nini tena!" Na sisi wote tukacheka.

Lilikuwa na msalaba. Yote yalikuwa na msalaba. Kile kisanduku cha mbao cha kufyatulia, fundi seremala wa kanisa alikichonga msalaba chini yake, kila tofali linatoka na msalaba wake ubavuni. Tulijua. Tuliyafyatua kwa mikono yetu. Lakini ukishaona kitu kila siku hukioni tena, na yule ambaye hakuwahi kukiona ndiye peke yake aliyekikuta.

Katibu siku ya kwanza alitushangilia, akamshika Mele kichwani, akasema mbele ya watu wote, "Huyu namsimamia mimi, umeelewa?" Mele alirudi nyumbani hatembei, anaruka. Wiki ikapita. Mafundi wakaanza kupandisha ukuta wa zahanati, ukuta ukanyooka vizuri kabisa, misalaba mstari wa kwanza, misalaba mstari wa pili. Nani alimwonyesha Katibu sijui. Akatuma mtu kumwita Mzee Lungwa. Tulifuatana na Mzee, tukamkuta Katibu kasimama mbele ya ukuta, karanga kashika mkononi, hazili. "Mzee wangu. Bwana Mkubwa wa wilaya anakuja kukagua. Serikali haina dini, umeelewa? Mimi ni Mwislamu, watu wanajua mimi ni Mwislamu. Bwana Mkubwa akikuta zahanati imejaa misalaba, nitamwambia nini? Atasema kanisa limeninunua. Au atasema nawafanyia kanisa dhihaka. Vyovyote vile nimekwisha." Mzee Lungwa akasema, "Bwana Katibu, tupige lipu juu, msalaba hauonekani." Katibu akamwangalia kwa huruma kabisa. "Saruji unayo wewe?" Mzee akavua kofia. Katibu akasema, "Yaondoeni. Yote. Mchana usipite."

Wakati huo huo Mchungaji kashapata habari kwamba matofali ya nyumba ya Mungu yamejenga zahanati. Nilikuwepo, nilikuwa napakua. Sijawahi kumwona amekasirika kabla wala baada. Hakukamua neno hata moja, yalitoka mafupi: "Yarudishwe. Na yasiguse kiwanja changu mpaka wazee wa kanisa wakae Jumapili." Mama Mchungaji akasema, "Baba, ni udongo tu huo." Akamwambia, "Nyamaza." Nikajua mambo yameharibika, maana mume yule hajawahi kumwambia mke yule nyamaza na akanyamaza kweli.

Tukayabeba tena. Safari hii hakuna aliyeimba. Magharibi wametufukuza, mashariki hawatupokei mpaka Jumapili. Tukafika korongoni, watu wamechoka, Mzee Lungwa akasema, "Yatueni hapa." Hapa wapi? Hapa mchangani, katikati, maana pale ukingoni yalipokuwa mwanzo nako ni kata ya Katibu. Hapo hapakuwa kata ya mtu wala parishi ya mtu. Tukayapanga vizuri, kwa heshima, lundo juu ya lundo. Hapakuwa na wingu, mbingu safi kabisa, mvua za kwanza tulizitazamia mbele huko. Lakini korongo halinyeshewi pale ulipo, linanyeshewa huko juu kwa watu usiowajua. Siku ya pili mchana tukasikia mngurumo, ng'ombe wakainua vichwa, watoto wakakimbilia ukingoni kushangilia maji. Mimi na Mele tulikuwa tunarudi kutoka kwa Mchungaji, tukasimama ng'ambo. Maji yalikuja mekundu, yana povu, yanasukuma magogo. Lundo lilisimama kidogo, halafu likalegea kama ugali uliotiwa maji mengi, likakaa chini, likaondoka. Mele ananiuliza, "Dada, nini hicho?" Sikuwa na sauti ya kuiga. Ng'ambo ya pili nilimwona Mzee Lungwa kasimama na kofia mkononi, mdomo wazi, anasema "Yaya we, yaya we," ndiyo kwetu mama yangu, mama yangu, na maji hayamsikii.

 Baada ya hapo mvua zenyewe zikachelewa, ikawa njaa kidogo, ile ya kula mlenda na mboga za porini na kutazamana. Mchungaji hamtaji Katibu, Katibu hamtaji Mchungaji, na wote wawili hawatutaji sisi. Ukienda kwa huyu, "si mna wenzenu." Ukienda kwa yule, "si mna wenzenu." Mele hakulia. Alichukua kibuyu cha zamani, akakitoboa-toboa kwa msumari, akawa anakipapasa jioni nzima. Nikamuuliza, umeandika nini? Akasema, sijui, nangoja kufundishwa.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyejaribu, ni Mama Mchungaji. Siku moja akaniambia, "Damari, chukua yule jogoo, mpeleke kwa mzee Ramadhani muuza chumvi, amchinje yeye." Nikajua nani anakuja kula. Katibu alikuja na kanzu safi, akakaa mbele mbele asimwegemee ndege, Mchungaji kakaa kama mti. Mchuzi ukaanza kuganda. Mama Mchungaji akasema, "Nyie wababa wawili. Jogoo wangu kachinjwa na Mwislamu, kapikwa na Mkristo, na Damari huyu hata sijui ana dini gani kwa ule mdomo wake. Na nyie mtakula. Haya, mtoto yule, nani anamsimamia?" Katibu akatafuna, akacheka kidogo. "Mama, mimi nitasimama. Lakini na yeye asimame." Mchungaji akakamua, ndiyo nikajua amepona: "Tusimame wooote." Mimi nilikuwa nimeshika sinia mlangoni, nikaliachia. Hakuna aliyenigombeza.

Basi tukaingia mjini kwa lori la magunia, Mama Mchungaji, mimi na Mele, kununua kitambaa cha sare. Duka la Mhindi, mama mmoja mnene na miwani ya mnyororo, ananukia karafuu. Mama Mchungaji akaanza kumweleza habari ndefu, mtoto wa kata ile, parishi ile, wamegombana. Yule mama akavuta futi yake shingoni: "Mimi hapana taka kata. Mimi taka jua toto iko refu kiasi gani." Akampima mabega, akampima kiuno, akamwachia nafasi pindoni. "Hii moja nakua haraka," akasema. "Mimi ona." Mele alirudi na kile kitambaa cha bluu mapajani, njia nzima anakinusa.

Mwaka huo mavuno, Mungu si mchoyo, yakaja mazuri. Uwele mpaka vihenge vinatapika. Na kwetu uwele ukijaa, ngoma zinaanza, na wasichana waliovunja ungo wanachezwa, ndiyo kutangazwa kwamba si watoto tena, ni wa kuolewa. Mele alikuwa amevunja ungo wakati wa mvua. Sasa watu walishasema, kipofu hachezwi, atachezwa wa nini. Shangazi zetu wakasimama kama simba: atachezwa kama wenzake! Na wakamcheza, wakamcheza vizuri kuliko wote. Walimnyoa kichwa kikang'aa, wakampaka mafuta na udongo mwekundu, wakamvisha shanga shingoni, kiunoni, mikononi, tabaka kwa tabaka. Mimi mwenyewe nilipiga ngoma mpaka viganja vikavimba. Alikuwa anacheka, kichwa kakiinua juu, anaonekana kama mtoto wa jumbe. Wazee wakasema hatujaona mwali mzuri hivi. Nani angekwenda kuwaambia shangazi wasubiri? Ilikuwa heshima. Tulikuwa tunampa kila tulichokuwa nacho.

Asubuhi moja tukaitwa, Mwalimu amefika. Shangazi wakakataa shanga zisivuliwe, siku za mwali hazijaisha. Tukamvalisha gauni la bluu juu ya shanga. Pindo lilishapanda juu ya magoti, na kifuani kitambaa kilikuwa kinabana. Tukavuka korongo, mchanga mkavu, mweupe, umelala kama haujawahi kubeba kitu. Sebuleni walikuwa wote. Mchungaji na kola yake. Katibu na kanzu yake. Mzee Lungwa mlangoni, kofia hajui aivae au aivue. Mama Mchungaji kapika wali, kapika kuku, nyumba inanukia. Mwalimu kakaa, mkunjo wa suruali ule ule, mkoba kauweka pembeni ya mguu. Mele akaingia ameshika upindo wa gauni langu, shanga zinalia kila hatua. Akaamkia, "Shikamoo Mwalimu," na mkono tayari ameunyoosha mbele, kidole kimetoka, kinatafuta ile karatasi. Na wale wababa wawili, nakuapia, wakainuka vitini pamoja, Mchungaji na Katibu, bega kwa bega, wakavuta pumzi waseme lile neno tulilolingoja mwaka mzima. Mwalimu hakuwaangalia. Alimwangalia Mele, kichwa, shanga, kifua, akashusha macho. Akavuta bakuli la maji akanawa, pole pole, kidole kwa kidole. Nikangoja ile sauti yake ya kufuta vumbi. Haikuja. Alisema kama mtu yeyote wa sokoni.

"Huyu mmeshamcheza ngoma," akasema. "Kamwozeni."